Hesabu ya Korosho, Kitaya

Shilingi na metikali hazisemezani, alisema Zeferino.
Tulikuwa gulioni, yeye na daftari lake la kamba,
mimi na langu lenye mhuri wa shule uliofifia.
Kila msimu tulikutana hivyo,
binamu wawili, walimu wa serikali mbili, mto mmoja,
kubishana serikali ya nani ina mkono wa birika.

"Sisi tumekata sifuri tatu kwenye noti," alisema,
"na shilingi yako ya sabini na nane
ilinunua kanga. Ya leo hainunui hata pindo."

Basi tukatafuta kipimo kisichobadili jina.
Korosho.
Fedha yote iliyoifikia shule kwa mwaka,
igawe kwa vichwa vya watoto,
kisha uliza: ingenunua kilo ngapi?

Wino wa bluu, sisi. Penseli nyekundu, wao.
Bluu ilipanda enzi za elimu kwa wote,
ikashuka ngazi kwa ngazi
mpaka miaka ile wazazi walipoambiwa walete ada,
na jembe, na ubao wa dawati,
nami nikafundisha watoto sabini kwa kitabu kimoja,
ukurasa wa kumi na nne umeliwa na mchwa.
Ada ilipofutwa, bluu ikainua kichwa.
Watoto wakaja kama kumbikumbi.
Madawati yakabaki yaleyale kumi na moja.

Nilijigamba, sikatai.
"Tazama, tuko juu yenu miaka yote!"

Nyekundu ilianza, ikakatika.
Miaka kumi na miwili, miraba mitupu.
Nilitaka kuweka sifuri.
Zeferino akanishika mkono:
"Sifuri ni hesabu, Mchekenje.
Sifuri ni mtu amekaa mezani akaandika, hakuna.
Meza yetu ilikuwa kuni."

Huu mwaka wa tatu hajaja gulioni.
Daftari lake limekuja bila yeye,
ndani ya mfuko wa mbolea,
kichwani kwa mjukuu wake Deolinda.
Mwisho wake ni ukurasa wenye tarehe tu.

Mimi nimestaafu,
ila Bi Nandonde, mwalimu mkuu, huniletea fomu za wilaya
nimsaidie kujumlisha.
Wavulana. Wasichana. Wenye ulemavu. Matundu ya vyoo.
Hakuna mstari wa watoto kumi na tisa
waliovuka mto viatu vikiwa mkononi.
Wanakaa darasani, wanamaliza chaki kama wengine.
Chaki hiyo niiandike kwa bluu au kwa nyekundu?
Serikali ipi imewalipia?
Nimetafuna kalamu mpaka wino umenigusa ulimi.

Jana usiku Deolinda aliitandaza karatasi chini ya taa ya sola,
midomo ikihesabu kwa Kireno.
"Babu," akasema,
"bluu uliigawa kwa bei ya korosho za daraja la pili.
Nyekundu, kwa bei ya daraja la kwanza."

Nikavaa miwani. Nikavua.
Kwa hiyo kilo zetu zilikuwa nyingi
kwa sababu zilikuwa za mabaki.
Miaka yote ile ya kujigamba!
Na Zeferino, ambaye angeona kosa la senti
kwenye risiti iliyolowa,
aliona. Lazima aliona.
Aliona, akaniagizia kahawa nyingine.

Nimechukua kifutio. Naishusha bluu, mraba kwa mraba.
Sehemu nyingine inabaki juu kidogo,
sehemu nyingine inakaa begani kwa nyekundu,
na mahali pamoja, sipataji mwaka,
inapita chini.
Karatasi inachanika palepale miraba mitupu inapoanzia.
Deolinda anaibandika kwa ugali wa muhogo,
anapuliza ikauke.

"Nyekundu niiendeleze?"
Imebaki kipande, haitoshi hata kidole chake.
Endelea, nasema. Lakini kwanza kaulize bei.

"Bei ya wapi, babu?"