Ufunguo Uko Kwangu

Kisu kikichoka, Simiyu, hakisemi.
Karatasi ndiyo husema.
Ukingo unaota ndevu,
rimu inalia kwa koo kavu,
daftari za Gredi ya Nne zinatoka na bega moja juu.
Ukisikia hivyo usiongeze shinikizo.
Zima.

Leo stima imejizima yenyewe.
Huku kwetu Barabara ya Obote kumenyamaza,
hata kinu cha posho cha jirani,
nawe unaniuliza, "Dada Apondi, si imeshazimika?"
Stima iliyokatika haijazimwa, mdogo wangu.
Imetoka tu, na haikuaga.
Shusha swichi kubwa ya ukutani.
Piga kufuli.
Ufunguo uko kwangu, mfukoni mwa aproni,
si mezani, si kwa bawabu,
si "nimeuweka mahali."

Sasa glavu. Zile nzito,
si hizo za kuoshea vyombo.
Mwambie Obiero atoke na chai yake.
Vishikio viwili, vikaze mpaka vigome,
kisha bolti, moja moja, uziweke bakulini,
ukiacha mbili za mwisho.
Ala ya mbao iko wapi?
Usiniambie inakuja. Ilete.

Na jambo hili nitalisema mara moja:
kikiponyoka, kiache.
Mkono una tabia ya mzazi,
kila kinachoanguka unataka kukidaka,
kikombe, yai, mtoto wa jirani.
Sakafu na idake. Sakafu haina vidole.
Odemba alidaka.
Siku hizi yuko stoo anahesabu marobota,
na akifika nane
anapumzika kidogo.

Mtoto akililia wembe mpe, walisema.
Waliosema hawakuwahi kuwa na zamu hapa.

Tumekibeba, wewe kule, mimi huku,
mita nzima na ushee ya makali kati yetu,
tunatembea kama watu wenye jeneza dogo,
ndipo stima inarudi.
Feni inaamka.
Redio ya fundi viatu ng'ambo
inadakia katikati ya matangazo ya vifo.
Kinu cha posho kinakohoa, kinashika kasi.
Mashine yetu peke yake haisemi neno.
Pale mikono yako ilipokuwa dakika moja iliyopita
pametulia, kama meza ya shule wakati wa likizo.
Sikutazami usoni.
Naitazama glavu yako ya kushoto, imelowa mpaka kifundoni.
Hatua mbili zaidi. Laza. Funika. Kaza.
Hukuniuliza tena kuhusu kufuli.

Kipya kinapanda kwa njia ile ile, kinyumenyume.
Futa kitanda cha mashine kwanza,
chembe moja ya vumbi huko juu
ni kilema cha daftari elfu tatu.
Geuza kile kijiti kinachopokea pigo,
kina nyuso nne, tumekula tatu.
Shusha kisu kwa gurudumu la mkono, polepole,
juu ya karatasi moja tu.
Ikikatika kulia, ikakatika kushoto,
katikati ikabaki imeshikana kwa unyuzi,
usifurahi. Robo ya mzunguko kwenye skrubu,
ujaribu tena.

Cha zamani kitaenda Nakuru Jumatatu kunolewa,
kimelala ndani ya ala yake,
juu nimeandika kwa wino mwekundu HATARI, KISU.
Sijui kama wapakiaji wa basi watasoma.
Mimi nitakuwa nimeandika.

Ufunguo?
Bado.
Vua glavu, nyoosha mikono yote miwili hapa kwenye mwanga,
uhesabu kwa sauti.
Usicheke, hesabu.
Sita, saba, nane,
unasita kwa sababu ya aibu,
na kutoka stoo, bila kuinua kichwa,
Odemba anakumalizia:
tisa,
kumi.