Kiini cha Yai

Mapumziko. Rokiškis, mwezi wa pili,
theluji imeziba madirisha ya ukumbi hadi nusu,
nasi tumeachwa nyuma kwa alama kumi na moja.
Wasichana wa Biržai hawatukimbizi, hawatukabi mtu kwa mtu.
Wamesimama tu, wawili mbele, watatu nyuma,
mikono juu kama watu wanaoanika nguo,
na kila tunapoingia tunakuta mwenyeji yupo.

Kocha Danguolė hakufoka.
Alitoa yai la kuchemsha mfukoni mwa koti,
lile analokula kila mechi,
akaliinua kwenye taa ya chumba cha kubadilishia.
"Nyumba hii mlango wake uko wapi?"

Hatukujibu. Vaidilė alikuwa akifunga kamba za kiatu
kwa mara ya tatu.

"Mnarusha kutoka mbali, mnarusha, mnarusha,
kama mtoto anayetupia mawe bati la jirani.
Sikilizeni. Anayelinda mahali halindi mtu.
Ana kipande chake cha sakafu, kama bibi na kibustani chake,
na wasiwasi wake wote ni mpaka.
Basi kasimameni mpakani.
Pale ambapo wawili watatazamana,
kila mmoja akidhani wewe ni mgeni wa mwenzake."

Pasaka kwetu hugonganisha mayai ya rangi,
na lenye ganda gumu ndilo mshindi.
Yeye aligonga lake kwenye ukingo wa benchi, polepole.
Ufa. Akaligeuza. Akagonga upande wa pili.

"Mpira hautoki jasho. Wao wanatoka.
Pasi kulia, tena kulia, wahamie huko wote
kama abiria walioona kitu dirishani,
halafu uvuke juu ya vichwa vyao hadi kushoto,
kwa yule aliyesahauliwa.
Asirushe. Bado. Aurudishe.
Wachezeshwe hivyohivyo mpaka mmoja achelewe hatua.
Hatua moja yatosha, sihitaji mbili."

Akamenya, maganda yakimwangukia gotini,
akakata yai kwa uzi wa kusafishia meno
(kazini ni muuguzi wa meno, hakosi uzi).
"Na hiki je?"
Kiini.
"Mstari wa mtupo huru. Hapa katikati hapana mwenyewe.
Skirmantė, hapa ni pako."

Skirmantė! Mrefu kuliko milango ya shule,
hajafunga kikapu tangu Krismasi,
anayeomba radhi kila anapodaka mpira.
"Sitaki ufunge. Nataka ugeuke.
Ukiushika hapo, shingo tano zitakugeukia,
na mwenye kukutazama wewe hatazami nyuma yake.
Vaidilė, wewe pita huko nyuma, kando ya mstari wa mwisho,
kama mtu aliyechelewa misa."

Mara ya kwanza Skirmantė aliurudisha mpira
kama kiazi cha moto.
Mara ya pili pia.
Mara ya tatu akageuka,
na nilimsikia, naapa, akisema "Ee!"
kama aliyegundua chumba cha ziada nyumbani kwao.
Pasi ya chini, Vaidilė, ubao, wavu.

Ilibaki alama moja, na sekunde tisa.
Pasi sita nilizihesabu; ya saba ikanifikia kwenye kona ya kushoto,
peke yangu, na nafasi ya kutosha kusoma gazeti.
Nikarusha.
Chuma.

Lakini wenye kulinda mahali
hawakuwa na mtu wa kumzuia kwa mgongo.
Walitazama juu wote, wakingoja,
na mkono mrefu ukapita katikati yao bila kubisha hodi.
Skirmantė aliudaka, akaomba radhi,
akaurudisha juu. Ukazunguka ukingoni
mara mbili,
kengele ikalia,
ukatoka.

Tulishindwa, basi. Biržai walipiga kelele zao.
Chumbani hakuna aliyesema neno.
Nusu ya yai ilikuwa bado juu ya benchi,
kiini kimeanza kukauka.
Skirmantė aliitazama, akatutazama,
akaila bila chumvi.
"Kesho saa ngapi?" akauliza.