Upindo

Sare za shule naziachia upindo wa vidole vinne,
mtoto akirefuka, mama yake arudi nifumue.
Ndiyo kazi yangu hapa Kariokor,
kibanda cha tatu kutoka kwa wauza viondo.
Na shati likichanika begani
sihangaiki dukani, rangi haitalingana.
Nakata kwenye upindo.
Nguo inajiganga yenyewe.

Kwa hiyo Daktari Chelagat aliponieleza
nilielewa kabla hajamaliza.
Mumo alizaliwa na sikio moja;
upande wa kulia, kijinyama kama njugu.
"Tutachonga gegedu la ubavu wake mwenyewe.
La mgeni mwili utalikataa.
Lakini kifua bado chembamba, mama.
Ngoja kifike sentimita sitini."

Tepu ninayo.
Kila Januari, oda za sare zikiisha,
nilimsimamisha mlangoni, mikono juu.
Hamsini na moja. Hamsini na tatu.
Mwaka ule wa barakoa, ambayo kwake haikuwa na pa kuning'inia,
hamsini na tatu tena.
Alikuwa akivuta pumzi aibe sentimita.
Toa, nikamwambia, tepu haihongwi.

Darasani walimwita Kikombe,
kwa kuwa kikombe kina mkono mmoja.
Jirani yangu akasema sikio la kufa halisikii dawa.
Nilimshonea gauni lake vilevile,
ila zipu niliiweka ya bei rahisi.

Sitini na nusu!

"Halitasikia," daktari alimwambia yeye, si mimi.
"La kusikia ninalo," akajibu. "Hili ni la miwani."

Asubuhi hiyo daktari aliweka plastiki angavu
juu ya sikio zima, akafuatisha kwa kalamu kila mkunjo,
kisha akaipindua.
Kola, nikasema kwa sauti.
Ukigeuza ya kushoto unapata ya kulia.
Alinitazama kama fundi anavyomtazama fundi.
Milango ikafungwa. Nikakaa kwenye benchi saa sita nzima
nikihesabu vifungo vya watu.

Mbavu tatu zimechangia.
Wameunga kwa waya mwembamba kuliko uzi wangu,
wakaingiza chini ya ngozi,
na vimrija viwili vinafyonza damu
hadi ngozi ishike mikunjo.
Nilidhani atalilia sikio.
"Mama, usinichekeshe," ananong'ona.
"Kunauma lilikotoka."

Kipande kilichosalia hawakukitupa.
Wamekizika chini ya ngozi ya kifua,
kingoje mwezi wa nane, siku ya kuliinua sikio
lisimame mbali na kichwa.
Mimi nina kopo la Kimbo limejaa vipande,
na watu hunicheka.

Nesi amepita na chati yake.
Anataka pumzi ndefu, mapafu yasilale.
Mumo anavuta kidogo, anakunja uso, anaachia,
ananiangalia.
Vuta, mwanangu.
Leo iba.