Kumtafuta Deni

Anza ndani. Usitoke mbio.
Mimi nilitoka mbio, khanga moja kifuani, ndala hazifanani,
nikafika relini ndipo nikakumbuka
sijachungulia uvungu wa kitanda.
Rudi. Funua pipa la unga, tikisa gunia la mkaa,
panda juu ya ndoo, mulika darini.
Paka hukaa kimya pale pale unapomlilia.

Hakuwamo.

Sasa nieleze jina, maana ndilo lililonichongea.
Mama Ntakije alikopa kwangu mawese, chupa tatu.
Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha,
wa tatu akaja na kitu ndani ya kapu:
"Shoga, fedha sina. Chukua huyu."
Wa kijivu, ukubwa wa kiatu cha mtoto, mkia umekatika nchani.
Nikamwita Deni,
ili kila nikimlisha nikumbuke nisikopeshe tena.
(Nilikopesha tena. Tuendelee.)

Ukishatoka nje waulize watoto, si wakubwa.
Mkubwa atakupa pole, atauliza tangu lini,
kisha ataanza habari za mbuzi wake wa mwaka juzi.
Mtoto wa kina Nyabenda alinijibu mara moja, mdomo umejaa muwa:
kamwona asubuhi anashuka Kibirizi,
"anatembea kama mtu aliyetumwa."

Nikashuka Kibirizi. Hapo ndipo nilipokaa chini.
Ufuko mzima dagaa wameanikwa, wanameta kama misumari mipya,
na paka, nilihesabu hadi kumi na tisa nikaacha.
Kumtafuta paka Kibirizi
ni kumtafuta mlevi kilabuni:
wote wako kwao, hakuna aliyepotea.

Waanikaji wakaniuliza alama zake.
Taja mbili, ya tatu ifiche,
kwani hakosi wa kukuletea paka yeyote apate soda.
Nikataja rangi, nikataja mkia.
Sikulitaja jicho la kushoto,
lenye doa kama tone la chai.
Jioni nililetewa paka watatu.
Wawili walikuwa na mikia mizima.
Wa tatu mkia ulikunjwa, ukafungwa uzi.

Ila usiku ndio wakati wenyewe.
Mwezi mpevu, taa za ziwani zimelala, wanaume wote wamo majumbani.
Nikachukua tochi na kitambaa anacholalia,
nikapita uchochoro kwa uchochoro, taratibu, nikiita:
"Deni! Deni, baba, toka! Deni!"

Taa zikazimwa.
Dirisha moja. La pili.
Redio ya fundi Ruhuza ikakatika katikati ya taarifa.
Nyuma ya mlango mtu akanong'ona,
"Mwambie nimesafiri. Niko Kasulu."
"Namtafuta Deni!"
"Tumesikia, mama. Hata mwisho wa mwezi?"
Nikapaza sauti: amepotea, sikusema limepotea. Ni paka!
Nani anasikiliza ngeli saa tano usiku?

Fundi Ruhuza akatoka na taulo, elfu nne mkononi,
amezikunja mpaka zimekuwa kidonge.
"Ya ile meza," akasema, macho chini.
Meza nilikuwa nimeshaisahau.

Kwa Mama Ntakije sikupanga kufika.
Mlango ulikuwa wazi, kibatari kinawaka.
Kapu lile lile pembeni,
ndani yake paka mkongwe, mbavu zinahesabika,
na aliyejikunja ubavuni mwake
akafumbua jicho moja, la kushoto.

Hakuinuka. Hata kitambaa chake hakukinusa.

"Nilipomwona asubuhi," Mama Ntakije akasema,
"nilijua umemrudisha.
Nimezunguka Gungu nzima na jua lile."
Juu ya kinu, mawese, chupa mbili,
bado zina vumbi la njiani.

Nikazima tochi. Nikatafuta pa kukaa.

"Ile ya tatu," akasema,
"nivumilie mpaka Ijumaa."