Kiti cha Pili kwenye Hadubini

Nilipokabidhiwa daftari la chama
nilidhani kazi yangu ni kuandika ada:
nani kalipa, nani anadaiwa,
nani hagusi samaki kwenye karamu ya mwaka.
Sisi ni wanapatholojia wa Saskatchewan,
watu wa chumba cha chini,
tunaosoma ugonjwa juu ya kioo
chembamba kama ukucha,
tishu iliyotiwa zambarau na waridi.
Mgonjwa hatumjui. Naye hutusikia kwa barua.

Kikao cha Novemba, Moose Jaw,
theluji imepanda hadi vizingiti vya madirisha,
Lesia Prokopiw akauliza:
"Jamani, tuko wangapi?"
Arobaini na mmoja, nikasema.
"Na waliovuka sitini?"
Nikakosa neno. Daftari lilijua
nani hagusi samaki.
Halikujua nani anakaribia kuondoka.

Nikahesabu kwa simu, siku tatu.
Kumi na saba.
Wengine walinijibu kana kwamba nimewauliza
bei ya jeneza.
Orville Stensrud, miaka sabini na miwili, alicheka:
"Andika nitastaafu siku atakapokuja mtu
wa kupokea funguo."
Jibu la namna hiyo halikuwa na safu.
Ikabidi niichore.

Nafasi za mafunzo ya ubingwa: nne.
Machi, siku ya majina kutoka,
tulipata mawili.

"Sisi tulikuja wenyewe," akasema Stensrud,
"hakuna aliyetubembeleza."
"Mlikuja kwa sababu mlikuwa mmeiona kazi," Lesia akajibu.
"Siku hizi mwanafunzi anamaliza udaktari
hajawahi kusukuma mlango wetu."
Mgeni njoo, mwenyeji apone: sawa.
Lakini mgeni huelekezwa nyumba.

Basi tukaiuza karamu.
Ukumbi wa Regina, mvinyo, mpiga fidla,
vyote vikageuka tiketi za basi,
kitanda cha wiki mbili Prince Albert,
na hadubini kuukuu ya vichwa viwili,
ili macho manne yatazame seli moja.
Wizara tukaipelekea ukurasa mmoja:
mji, umri wa daktari, mwaka wa kuondoka,
na uvimbe unasubiri jibu siku ngapi.
Baada ya miezi mitano wakatujibu.
Waliomba tuutume tena, kwa fomu nyingine.
Tukautuma.

Tanis Moostoos alishuka kwenye basi kutoka kaskazini,
viatu vimelowa, akili yake yote kwenye upasuaji.
Alikuja, alisema, kwa kuwa nauli ililipwa.
Akaketi kiti cha pili.
Stensrud akasogeza kioo polepole,
akamwonyesha mahali seli zinapoacha adabu.
Siku ya nne, jicho lake likiwa bado kwenye lenzi,
msichana akauliza:
"Bibi yangu alingoja jibu wiki saba.
Barua ilifika tumeshamzika.
Barua kama ile huandikwa na nani?"

Friji ya sampuli ilinguruma, ikanyamaza.
"Mwaka gani?" akauliza Stensrud.
Akaambiwa mwaka.
"Tulikuwa wawili kwa kaskazini yote," akasema.
"Huenda ni mimi."
Hakuongeza neno.
Naye Tanis hakuinuka.
Muda ulipita, kisha akasema:
"Sogeza kushoto kidogo. Pale. Hiyo ni nini?"

Yule kijana wa Estevan, tuliyemlipia vilevile,
alichagua macho. Hatukumdai nauli.
Machi ya pili baada ya hapo yakatoka majina matatu.
Nafasi moja bado wazi, nimeandika kwa penseli.
Katika yale matatu, Moostoos, T.,
Saskatoon, miaka mitano.

Usiku ule nilifungua daftari,
nikapiga hesabu mara mbili:
atakapomaliza, Stensrud atakuwa na sabini na tisa.
Nikampigia simu nimwambie.
Akanyamaza kidogo, kama anatafuta kitu mfukoni.
"Sawa," akasema. "Nitajaribu."