Kimepita

Saa tisa na dakika kumi na moja, alasiri ya Jumanne,
Kapteni Mihayo alisema redioni: "Kimepita."
Hakusema amepita.
Nilikuwa mnarani, chai yangu imeota utando,
nikamwomba arudie.
"Kimepita kushoto kwangu, Tabora. Cheupe. Kidogo.
Sijui ni nini. Hamkuniambia."

Hamkuniambia.
Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa perege.
Kitabu cha ilani kilikuwa wazi mbele yangu:
siku hiyo anga lilikuwa lake peke yake,
toka bwawa la Igombe hadi reli ya Mpanda,
lake na la jua.

Jioni mkubwa wangu akaleta fomu.
"Andika ndege, Nyamizi, mambo yaishe."
Nikauliza: ndege gani? Huyu mwenye manyoya,
au hii yenye rubani?
Akacheka.
Lugha yetu iliwapa wawili hao jina moja na hewa moja,
ikatuachia sisi wajaza fomu
kuwatenganisha kwa kiambishi.
Lakini Kapteni alisema ki-.
Korongo humwona akikunja bawa, akikwepa.
Ki- hakikwepi. Hakina jicho.

Nilianza na Kapela wa hali ya hewa,
ambaye saa tisa hurusha puto lake.
Akanifungulia stoo: mitungi mitupu tangu Machi,
maputo yamekunjwa kama soksi za mtoto.
"Nikirusha, napiga simu," akasema. "Hata msipojibu."
Nikakumbuka mara tatu ambazo hatukujibu.
Sikuliandika hilo.

Nikaenda Isevya kwa watoto wa vishada.
Uzi mrefu kuliko zote niliupima kwa miguu yangu,
ukaishia hatua mia na sita.
Wakanipa kishada kimoja, zawadi, cha mfuko wa ngano.
Kapteni alikuwa futi elfu mbili.

Mpima ardhi wa Ipuli, mwenye droni ya kukodi,
aliapa kwa jina la mama yake,
kisha akauliza, kabla sijauliza mimi,
faini yake huwa shilingi ngapi.

Jumatano Kapteni alikuja mnarani kwa miguu.
Mesini wamempa jina: Mwona Majini.
Lakini wawili walimfuata chobingo, mmoja mmoja,
kumnong'oneza kwamba nao waliona,
huyu juu ya tumbaku ya Urambo, mwaka wa mvua nyingi,
yule usiku, hataki kusema wapi.
Hawakuripoti.
Ukiripoti, daktari anakuita kabla fundi hajaitwa.

"Kwa mwendo ule," akasema, "hata sega la asali ni tofali."
Akanyamaza. Chini yetu mfagiaji alikuwa akifukuza mbuzi njiani mwa ndege.
"Adui ana upande anaotokea. Huyo simwogopi sana.
Naogopa kuuawa na kitu
ambacho mwenyewe alikirusha, akaenda zake kula."

Sisi ni watu wa hodi.
Hata kwa ndugu yako wa tumbo moja
unasimama nje, unaita, unangoja karibu.
Huko juu hakuna kizingiti,
hakuna mbwa wa kubweka,
kuna sauti yangu tu, na kitabu changu,
na kile ambacho hakuna aliyeniambia.

Kwenye fomu, mahali pa aina, niliandika: Ki-
nikaacha kistari kikining'inia.
Mkubwa akairudisha kwa wino mwekundu.
Nikaipeleka vilevile.
Akairudisha.
Mara ya tatu niliambatanisha karatasi moja,
tarehe tatu za simu ya Kapela,
na jina la aliyekuwa zamu:
mara mbili mwingine, mara moja mimi.
Haijarudi mpaka leo.

Jana malori yalileta mitungi.
Saa tisa kasoro dakika tano simu ikalia mnarani.
Niliipokea kabla ya mlio wa pili.