Maelezo Mbele ya Karani wa Reli

Unasema zimepungua rupia tatu na pesa kumi.
Sikatai. Hesabu yako haina kombo.
Lakini andika na haya, maadamu wino ungalipo.

Tulikuwa tumesimama Malindi, alfajiri,
moshi wetu ushaingia madirishani mwa watu
nao wanatutukana kama kila siku,
ndipo bandarini kikapasuka kitu.
Nikadhani ni boila.
Makame wa Vuai, mchochea moto, naye kadhani hivyo:
akajitupa chini, sepeto mkononi,
kisha akainuka kwa haya, akaipapasa mashine
kama mtu anayemtaka radhi punda wake.

La pili likatuondolea shaka.

Watu wakatoka majumbani na walichoshika:
huyu kinu bila mchi,
yule mlango — mlango, karani! — begani,
Bi Mize binti Usi na sinia la visheti
halikufunikwa, vumbi la chokaa likilinyunyizia
kana kwamba sukari haikutosha.
Mabehewa yetu hayana kuta, unayajua;
waliingia pande zote.
Mimi nimesimama nakemea: Tiketi! Tiketi!
Sikuwa na neno jengine kinywani.
Miaka mitano nasema hilo tu.

Wapo walionilipa, wallahi.
Kipofu mmoja alinihesabia pesa moja moja,
kidole kinatafuta sura ya sarafu,
na ardhi inatetemeka chini ya reli.
"Na mjukuu, nusu?" akaniuliza.
Nusu, nikamwambia.
Waliobaki sikuwadai.
Rupia zako ziko hapo.

Kaitani Mgoa hakupiga filimbi njia nzima,
hata penye ng'ombe,
eti manowari isitusikie.
Na moshi ule, mweusi kama kaniki,
angeuficha nani?

Bububu wakamwagika.
Makame akafuta uso, akauliza: "Tunarudi?"
Hakuna aliyemjibu. Kaitani kashaugeuza mkono wa breki.

Mabehewa matupu, yanagongana kama meno.
Pale Kibweni mtu katunyooshea mkono:
muuza maziwa, na madebe yake mawili.
Nikamwambia, mjini kunapigwa mizinga.
"Kwani leo hawanywi chai?"
Akalipa kamili, na ya madebe.
Tiketi yake ndiyo hiyo ya juu, iliyogandamana.

Gari ya saa mbili ilichelewa dakika kumi na moja.
Liandike na hilo.